Kutazama ndege Kilifi: kabla ya kuuliza wapi, uliza maji yako wapi

Sululu wa Mida:

Salamu, wanajamvi.

Kila likizo ikikaribia naulizwa swali lile lile: nakuja Kilifi siku tatu au nne, niende wapi nikaone ndege? Majina si siri. Msitu wa Arabuko-Sokoke, hori la Mida (mkono wa bahari ulioingia nchi kavu), mdomo wa mto Sabaki, mapori ya Dakatcha. Yeyote atakutajia hayo manne. Kinachowaangusha wageni ni saa na msimu. Nimewakuta Mida watu waliosafiri usiku kucha kutoka Nairobi, darubini nzuri shingoni, wamefika saa tano asubuhi siku ya bamvua, siku ambazo maji hukupwa na kujaa kuliko kawaida. Maji yameondoka kabisa, ndege wako kule mbali kwenye matope, wadogo kama punje za pilipili manga. Wakaondoka wakisema Mida haina kitu. Saa tatu baadaye, mbele ya pale pale waliposimama, palikuwa na mamia ya ndege.

Kwa hiyo nitaandika nikifuata upepo, maji na udongo. Mahali patajitaja penyewe njiani.

Upepo kwanza. Kaskazi, upepo utokao kaskazini, ndio msimu wa wageni kutoka kaskazini ya dunia. Kitwitwi, ndege wa ufuoni, na jamaa zao huanza kufika Agosti, kuanzia Oktoba hadi Machi wamejaa, na Aprili wanaondoka kwenda kuzaa Siberia na Asia ya Kati. Kabla ya kuondoka baadhi yao hubadilisha manyoya, kifua kikawa chekundu kama matofali, na mtu aliyewazoea wakiwa kijivu hudhani ni ndege wengine. Ndiyo maana mwisho wa Machi naupenda kuliko Desemba, ingawa Desemba ndipo kila mtu anapokuja. Kusi, upepo utokao kusini, kuna wageni wengine kabisa, wanaotoka Madagaska na kusini mwa bara letu, nao ukija Januari huwapati. Anayekuambia Julai si msimu wa ndege pwani anazungumzia nusu ya mwaka tu.

Sasa maji. Hori la Mida lina kilomita za mraba 32 hivi, limezungukwa na mikoko, na liko ndani ya hifadhi ya bahari ya Watamu iliyotangazwa mwaka 1968. Maji yakikupwa, uwanja mkubwa wa matope na mchanga hubaki wazi na ndege hutawanyika kula. Yakianza kujaa, husukumwa kidogo kidogo kuelekea ufuoni, na wakati huo wewe uwe umeshaketi, umetulia. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hukupwa kabisa kwenye saa nne au tano asubuhi, kisha hujaa hadi kwenye saa kumi alasiri. Fika saa saba na nusu mchana. Pita kwenye daraja la mbao linaloning'inia katikati ya mikoko mpaka banda la kutazamia lililo mwisho wake, kaa kimya, na ndege watakujia wenyewe. Siku za maji mafu saa hugeuka: maji hujaa asubuhi, tena hayaji kwa nguvu, na ndege hawasogei sana. Ukiweza kuchagua, chagua bamvua.

Ndege ninayemngoja pale kila mwaka ni mla kaa, Dromas ardeola. Mweupe na mweusi, miguu mirefu, mdomo mweusi mnene kama koleo. Huzaa visiwani na fukweni kule Uarabuni na Pembe ya Afrika, na tofauti na ndege wote wa jamii ya kitwitwi, huchimba shimo mchangani na kutaga ndani yake yai moja jeupe. Mida hufika kwa makundi. Utamwona amesimama, amemwangalia kaa, mara anakimbia hatua tatu na kaa hayupo tena. Vijana wao wengine hubaki mwaka mzima, kwa hiyo hata Juni usikate tamaa. Karibu nao tafuta kitwitwi mwenye mdomo uliopinda kuelekea juu na miguu ya rangi ya chungwa, anayekimbia kana kwamba kachelewa mahali. Huyo katoka Urusi. Na sululu, ambaye nimechukua jina lake, huyo husikika kabla ya kuonekana: filimbi saba za haraka, zinashuka.

Udongo ni habari ya msitu. Arabuko-Sokoke una kilomita za mraba 420 hivi, na ndio mkubwa kuliko yote iliyobaki ya misitu mikavu ya pwani katika Afrika Mashariki. Watu husema "nimekwenda Arabuko" kama vile ni msitu mmoja. Ni mitatu. Upande wa mashariki, karibu na barabara ya Mombasa kwenda Malindi, ni msitu mchanganyiko, wenye mibambakofi na kivuli kizito. Katikati ni ukanda wa mchanga mweupe, na hapo huota mirihi, miti ya wazi wazi ambayo mwanga hupita mpaka chini. Magharibi mchanga ni mwekundu na miti ya Cynometra imesongamana kiasi kwamba ukitoka njiani hatua kumi huoni ulikotoka.

Kila udongo na ndege wake. Bundi mdogo wa Sokoke, Otus ireneae, ambaye wataalamu walimweleza mwaka 1966 tu, ni wa udongo mwekundu. Urefu wake ni sentimita 16 hivi, anaingia kwenye kiganja. Kuna wa kijivu, wa kahawia na wa rangi ya kutu, na mchana hukaa wawili wawili ndani ya kichaka, chini kabisa, usawa wa macho yako. Ukimtafuta kwenye mchanga mweupe utazunguka siku nzima bure. Kwenye mirihi, kwa upande wake, ndiko aliko mnana wa Kilifi, anayeitwa pia mnana wa Clarke, ambaye duniani kote hana makazi mengine ila kaunti hii. Huko huko kuna chozi wa Amani mwenye tumbo jeupe, anayekaa juu kabisa ya miti hadi shingo yako ikaume.

Ndege wa mirihi hutembea kwa msafara. Unaweza kwenda nusu saa huoni hata mmoja, mara miti yote inachangamka: viwikwi, kigong'ota, chozi, mnana, wote pamoja, dakika tano wamepita. Kwa hiyo usitembee haraka. Simama, sikiliza, na ukisikia kelele ya msafara, kata mbele yake na uungoje.

Ingia saa kumi na mbili asubuhi. Kufikia saa tatu na nusu joto limekwisha kuwanyamazisha. Kiingilio cha serikali hulipwa kwa mtandao wa eCitizen, basi maliza jambo hilo ukiwa bado una intaneti. Na chukua mwongozaji wa pale kituo cha msitu cha Gede. Nasema hivyo kwanza kwa sababu msitu una ndovu, tena ndovu wa kichakani ambao huwaoni mpaka umewakaribia. Pili, waongozaji hao wanajua bundi walilala wapi jana.

Nitaendelea na Sabaki kesho. Aliye na swali aulize.


Mama Neema:

Shukran sana kaka. Mimi nina watoto wawili, mmoja ana miaka sita na mwingine tisa. Saa kumi na mbili asubuhi msituni wataniambia wamechoka kabla ya saa moja. Niwapeleke wapi?


Sululu wa Mida:

Dada, wapeleke magofu ya Gede. Ule ni mji wa Waswahili wa zamani ulioachwa katika karne ya 17, kuta na misikiti imemezwa na miti mikubwa. Njia ni tambarare na kuna kivuli. Kima watawafuata, hondohondo watapita juu wakipiga mbawa kwa kishindo, na wakitulia wanaweza kumwona sange, yule mnyama mwenye pua ndefu na sehemu ya nyuma ya rangi ya dhahabu, akikimbia kwenye majani makavu. Huyo sange dunia nzima yuko misitu ya pwani ya Kenya tu. Mtoto wangu wa pili alimpenda sange kuliko ndege wote niliowahi kumwonyesha.

Ukija kati ya Mei na Septemba, waambie watazame chini, si juu. Kuna mkesha wa ardhini mwenye madoa, Geokichla guttata, kifua cheupe chenye madoa meusi, ambaye huja kutoka kusini wakati wa kusi na kupekua majani chini ya miti ile ya magofu. Anatembea hatua chache, anasimama kimya kabisa, kisha anaendelea. Watoto wana macho makali kwa ndege wa namna hiyo kuliko sisi. Na hapo hapo Gede kuna Kipepeo, mradi wa ufugaji wa vipepeo ulioanza mwaka 1993 ili wanavijiji wa kando ya msitu wapate riziki bila kukata miti. Asubuhi nzima itaisha bila mtu kulalamika.

Alasiri, kama maji yanajaa, malizieni kwenye daraja la mbao la Mida. Washike mikono, linayumba.


Kozi:

Mimi niko tofauti kidogo kuhusu mwongozaji. Nimezaliwa huku, msitu naujua. Mwaka jana niliingia na mwenzangu jioni, tukapiga sauti ya bundi kwa simu na spika ndogo, akaja mpaka mita tatu. Picha safi. Kwa nini nilipe mtu?


Sululu wa Mida:

Ndugu yangu Kozi, nakujibu kwa heshima lakini bila kuzunguka.

Bundi yule hakuja kukusalimia. Alikuja kupigana, kwa sababu alisikia bundi mwingine ndani ya eneo lake. Usiku ambao angekuwa anawinda nzige na mende anautumia kumtafuta adui asiyekuwepo. Ukifanya wewe mara moja, labda hakuna neno. Lakini wewe umefanya, na mwingine wiki ijayo, na mwingine, wote mahali pale pale karibu na njia kwa sababu ndipo panapofikika. Ndege ambaye makazi yake mengine yanayojulikana ni machache mno, kama vilima vya chini vya Usambara huko Tanzania, hana pa kuhamia tukimsumbua.

Waongozaji wa msitu humwonyesha mchana, akiwa amelala, bila kumwita. Unakaa mbali, unatazama dakika chache, unaondoka bila kuwasha taa ya kamera. Na fedha unazolipa ndizo zinazomfanya kijana wa kijijini aone bundi ni mali kuliko mti aliokalia. Kuzaliwa karibu na msitu mimi pia nimezaliwa, na bado nalipa.


Kozi:

Nimesoma mara mbili. Sikuwahi kufikiria hilo la eneo lake. Nimekubali, spika inabaki nyumbani.


Jirani wa Sabaki:

Mzee Sululu, niruhusu nikusaidie Sabaki, mimi nakaa upande wa kaskazini wa daraja.

Mdomo wa mto uko kilomita chache tu kaskazini mwa Malindi. Watu wa mjini wanaujua kwa sababu ndio unaogeuza bahari yao kuwa ya kahawia mvua za bara zikinyesha. Matope hayo hayo ndiyo chakula cha ndege. Mnavuka daraja, mnaingia kijijini, kisha mnatembea kupita malisho na vilima vya mchanga mpaka ufukweni. Vaeni viatu mnavyokubali vichafuke.

Kwenye malisho, kabla ya vilima, msipite haraka. Yule ndege wa kahawia anayetembea kwenye nyasi fupi na kutikisa mkia ni Anthus melindae, ambaye jina lake limetokana na Malindi yenyewe. Wageni humpita wakikimbilia ufukweni, na wengine hurudi siku ya pili kwa ajili yake tu.

Kisha wapo wa Madagaska. Glareola ocularis. Hawa ndio Sululu aliowadokeza aliposema kusi. Huzaa Madagaska, na kuanzia Aprili mpaka Septemba huja pwani yetu kwa maelfu, na Sabaki ndipo wanapojikusanya. Wana mgongo wa kahawia, tumbo lina rangi ya kutu, chini ya jicho kuna mstari mweupe. Wakitua mchangani huwaoni. Ufukwe ni mtupu, unapiga hatua, ghafla ardhi yote inaruka. Wanaruka kama mbayuwayu, wanakamata wadudu hewani, wanageuka wote pamoja na matumbo yanang'aa, kisha wanatua na ufukwe unakuwa mtupu tena. Mimi nimeliona jambo hilo tangu utotoni nikichunga mbuzi wa babu, na hata leo nikipita husimama.

Kwa hiyo ombi langu: wakiwa wametua, msiwarushe kwa ajili ya picha. Wanahitaji kupumzika. Zungukeni, kaeni kwenye kilima cha mchanga, subirini. Watajirusha wenyewe mwewe akipita, na mwewe hupita.

Shakwe na buabua hulala kwenye kisiwa cha mchanga katikati ya mdomo, makundi makubwa, hasa kaskazi. Kwa hao darubini ya shingoni haitoshi, mnahitaji ile ya miguu mitatu. Heroe huja na kuondoka bila ratiba.

Jambo la hatari ni viboko. Wapo kweli, na jioni hutoka majini kwenda kula. Msikae kwenye matete ya ukingoni jua likizama. Na matope ya ukingo humeza mguu mpaka goti. Msikate njia ya mkato kwa sababu mmeona ndege upande wa pili. Vijana wa kijijini wana kikundi chao cha kutunza mdomo wa mto, tembeeni na mmoja wao.


Sululu wa Mida:

Ahsante sana. Umeandika vizuri kuliko ambavyo ningeandika, nami sina la kuongeza ila hili: wakati huo huo wa kusi, kwenye kile kisiwa cha mwamba nje ya mdomo wa Mida, kinachoitwa kisiwa cha Nyangumi, buabua huja kutaga. Msipande kisiwani Juni hadi Oktoba. Mnaweza kuwatazama kutoka kwenye mashua iliyo mbali, nayo iende taratibu. Mzazi akiruka dakika kumi juani, yai juu ya mwamba limeiva.


Mwanafunzi wa Kaloleni:

Na kaya, misitu mitakatifu ya Mijikenda, je? Hamjataja hata moja. Kaunti yetu ina kaya nyingi na misitu yake haijakatwa kwa mamia ya miaka.


Sululu wa Mida:

Una haki, na nilisita kwa makusudi. Kaya za Mijikenda ziliingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2008, na ndege wamo, hasa wale wa msitu mzito. Lakini kaya si bustani ya utalii. Ni mahali pa ibada. Huingii kwa kuona njia iko wazi. Unakwenda kwa wazee, unaeleza shida yako, wanakupa mtu na masharti: vazi lipi, viatu uvue au usivue, upite wapi, usiguse nini. Wakikataa siku hiyo, umekataliwa, unarudi nyumbani na shukrani. Uko tayari kwa hayo? Basi nenda Kaya Kauma au nyingine iliyozoea kupokea wageni. Aliye na haraka asiende.


Mwalimu wa Marafa:

Habari za jioni. Nimesubiri mtu aseme neno kuhusu Dakatcha nikaona mmeitaja kwa jina tu. Naomba nafasi.

Kwa miaka mingi mnana wa Kilifi alikuwa kitendawili. Alielezwa tangu mwaka 1913, alionekana kwenye mirihi ya Arabuko, lakini hakuna aliyejua anataga wapi. Miaka mia moja. Mwezi wa Machi mwaka 2013 kiota chake kikapatikana huku kwetu Dakatcha, na waliokipata ni watu wa kikundi cha hapa hapa cha kutunza pori, wakishirikiana na shirika la uhifadhi la Nature Kenya. Na hakuwa anataga juu ya mirihi. Alikuwa kwenye kinamasi cha msimu, kwenye majani ya maji, kile kidimbwi ambacho kikikauka mtu hukiona ni ardhi isiyo na kazi na kutaka kulima.

Hebu fikirini. Ndege anahitaji mirihi ya kula na kidimbwi cha kutagia, na kidimbwi hakijai kila mwaka. Ukikata mirihi kwa mkaa umemwondolea chakula. Ukilima nanasi mpaka kwenye kidimbwi umemwondolea uzazi. Arabuko ina ulinzi wa serikali, lakini sehemu kubwa ya Dakatcha ni ardhi ya jamii, na inategemea sisi tunaoishi hapa tuamue nini.

Njia: mnavuka daraja la Sabaki, mnafika Mambrui, mnakata kushoto kuja Marafa. Wengi huishia kwenye lile bonde jekundu la Nyari, wanapiga picha machweo na kurudi Malindi. Lala Marafa. Asubuhi ingia porini na mtu wa kikundi cha hapa. Mvua ikinyesha sana gari la chini halifiki, msidanganyike.

Kumtambua mnana dume: mgongo, kichwa na kifua cheusi, tumbo la manjano, na bawa lina kingo za manjano. Hizo kingo ndizo muhimu, kwa sababu kuna mnana mwingine wa msituni, mkubwa kidogo, mweusi juu na manjano chini vilevile, lakini bawa lake halina manjano. Wageni wengi huandika wamemwona wa Kilifi kumbe ni yule mwingine.

Na mkikuta viota, simameni mbali. Waongozaji watawaambia mwisho ni wapi. Pia msiweke ramani ya mahali penyewe mtandaoni. Nawasihi sana.


Jirani wa Sabaki:

Mwalimu, umenikumbusha. Hilo la bawa sikulijua, nimekuwa nikiwachanganya mwenyewe.


Mtoto wa Ngomeni:

Kwa aliye na muda, mashamba ya chumvi ya kule Gongoni na Kurawa yana kitwitwi wengi na heroe mara kwa mara. Maji yakijaa baharini, ndege hukimbilia kwenye vidimbwi vya chumvi. Ila ni mali ya watu, kuna walinzi. Omba ruhusa getini kwanza. Usiruke ukuta.


Sululu wa Mida:

Ni kweli kabisa. Na kwa aliye Malindi na nusu siku tu, ziwa Chem Chem na ziwa Jilore, barabara ya kwenda Tsavo, baada ya mvua. Yakikauka hamna kitu, kwa hiyo uliza kwanza.

Kilifi mjini kwenyewe usipapite bila kusimama. Wakati wa kaskazi, jioni, keremkerem wekundu huja kulala kwenye mikoko ya hori. Panda ngalawa saa kumi na moja, mwambie nahodha azime injini kama anayo, mkae mbali na mti walioupenda. Wanakuja kumi, ishirini, kisha mbingu yote. Mikoko ya kijani inageuka nyekundu, halafu giza linaingia.


Msafiri wa Bara:

Wanajamvi, nimerudi. Mimi ni mmoja wa wale waliomtumia Sululu ujumbe. Nilipanga Desemba, nikasoma uzi huu, nikahamisha safari hadi wiki ya mwisho ya Machi, mwezi mpevu. Naleta ripoti.

Siku ya kwanza, msituni na mwongozaji. Udongo mweupe kwanza. Saa nzima kimya, nikaanza kuwa na wasiwasi, kisha msafara ukafika kama mlivyosema. Nilimwona chozi wa Amani, sekunde chache. Mnana wa Kilifi sikumwona. Nilimwona mwenye bawa lisilo na manjano, na bila maelezo ya Mwalimu ningeandika uongo kwenye daftari langu. Kisha tukahamia udongo mwekundu. Mwongozaji aliingia kichakani peke yake, tukamngoja nusu saa, akarudi na kutuashiria kwa mkono. Bundi walikuwa wawili, mmoja wa kijivu na mmoja wa kutu, wamebanana kwenye tawi, jicho la mmoja limefunguka kidogo. Tulikaa dakika tatu. Hakuna aliyesema neno, hata tulipofika garini.

Siku ya pili Mida. Nilifika saa saba na nusu. Maji yalikuwa mbali na nikaona nukta tu, nikasema haya ndiyo aliyoyaandika. Saa nane na robo nukta zikawa ndege. Saa tisa nilikuwa sihitaji darubini. Wala kaa niliwahesabu 61, na kitwitwi wenye vifua vyekundu, wale wa kubadilisha manyoya, walikuwa wengi nisiweze kuhesabu. Mzee mmoja mvuvi alipita na nyavu zake akaniuliza naangalia nini. Nikampa darubini. Alimtazama mla kaa kwa muda mrefu, akasema huyu anamfahamu miaka yote ila hakujua ana jicho kubwa namna ile.

Swali langu sasa: Sabaki, kwa wale wa Madagaska, mwezi gani ni bora zaidi, Juni au Agosti? Nimeshaomba likizo lakini tarehe sijaandika.


Jirani wa Sabaki:

Agosti. Na wala kaa wa kwanza huwa wameanza kurudi Mida, utawapata wote safari moja. Tazama kalenda ya mwezi kwanza, ndipo uandike tarehe. Ukifika kijijini uliza watu wa kikundi cha mto, nitakuwa nao.